Onyo, Mstari wa Kumi na Mbili

Bi Sharifa Nang'ondo hakuja kugomba.
Alikuja na daftari la mtoto wa darasa la tatu,
jalada lina twiga, na ndani
magunia kumi na manne, kila moja na uzito wake,
aliyoyapima nyumbani kwa mizani ya ndoano
aliyoiazima kwa muuza nyama wa Luchingu.
Sitini na mbili na nusu, akasoma.
Stakabadhi yenu inasema sitini na mbili.
Sabini na moja na robo. Yenu, sabini na moja.
"Nusu zangu mnazipeleka wapi?"

Karani akacheka. Mimi sikucheka,
maana programu ile niliyeirithi ni mimi.

Newala, asubuhi ya Novemba, ukungu huingia hadi ghalani;
skrini hutoka jasho, unaifuta kwa kiwiko.
Nikafungua msimbo alioacha Likwembe
siku alipohamia Dodoma na feni yake.
Kila nilipokompaili ilitoka safi,
kimya kama sebule ya wageni,
na kimya kile nilikiamini miaka miwili.
Leo nikasoma faili la maagizo hadi chini:
kistari, kisha herufi moja, w.
Maana yake: ona, ila usiseme.

Nikaifuta. Nikaamuru tena.
Maonyo mia mbili na kumi na saba yakamwagika
kama korosho gunia likiachia mshono.

Kosa husimamisha kazi. Onyo hupisha.
Onyo ni mtu anayekohoa mlangoni
nanyi mmeshaanza kula.

Nilitaka kuanza na la mwisho, ndilo lililokuwa machoni.
Nikajizuia. Nikapanda hadi juu, la kwanza kabisa:

mizani.h, mstari wa kumi na mbili:
onyo: UZITO umefafanuliwa upya.
Na chini yake, kwa upole:
maana ya awali iko hapa.

Kumbe mizani.h zilikuwa mbili,
jina moja, folda mbili,
kama wajomba wawili Hamisi kwenye barua moja ya mirathi.
Ya mradi ilisema: uzito ni namba yenye nukta.
Ya zamani, iliyosahauliwa tangu enzi ya mizani ya mawe:
uzito ni namba nzima.
Iliyoitwa mwisho ndiyo iliyoaminiwa.
Hakuna aliyeiba. Nukta ilikatwa tu,
na kilichofuata nukta kikaanguka
bila sauti, gunia kwa gunia, msimu mzima.

Baba alikuwa akitunga mashairi ya harusi kule Mnyambe,
akihesabu silabi kwa vidole vyeusi vya mafuta ya korosho.
Kumi na sita. Wa kumi na tano aliufuta, hata uwe mtamu vipi.
*Mizani ikipungua, neno lote huanguka.*
Nilidhani ni ukali wake tu.

Nikaiondoa njia ya folda ya zamani.
Nikapita faili kwa faili, kuona lipi linaita ipi.
Yakabaki maonyo thelathini na moja. Nikayasoma yote.
Mengi ya kipuuzi, jina lililotangazwa lisitumike.
Mawili sikuyaelewa; yapo ukutani, kwenye karatasi.

Meneja akasema, "Kama imepona, anza kesho.
Ya nyuma yamepita, mnada umefungwa."

Ila mizani ile ina roli yake ya karatasi,
huchapa inachokiona kabla programu haijakigusa.
Roli zilikuwa kwenye boksi la sabuni, chini ya meza.
Nilikaa nazo hadi umeme ukakatika,
kisha nikawasha tochi ya simu.

Bi Sharifa: kilo sita na robo tatu.
Akaiandika chini ya hesabu yake, akafunga daftari,
akalifungua tena.

"Na mwaka juzi?"